Pipi ya Baada ya Mswaki

Hapakuwa na bibi duniani aliyependwa na mjukuu wake kama Bibi Cherehani. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya hakimu yeyote, mradi hakimu mwenyewe asije akamwita mjukuu kutoa ushahidi.

Maana mjukuu, siku hizi, alikuwa na bibi mwingine mdomoni.

"Bibi Kliniki ana paka," alisema kutoka chini ya meza ya kukatia nguo.

"Paka wanamwaga manyoya," alijibu Bibi Cherehani.

"Bibi Kliniki anaimba mimi nikipiga mswaki."

"Mimi nashona. Mtu haimbi huku ana pini mdomoni."

"Bibi Kliniki hana pini mdomoni."

"Ndiyo maana hana kazi."

Mtoto akalitafakari hilo, huku bibi yake akikanyaga cherehani kwa hasira mpaka mshono wa kola ukatoka umepinda, ikabidi aufumue wote.

Mtoto alikuwa wa kike, miaka mitatu na nusu. Jina lake liko kwenye cheti. Nyumbani aliitwa Sisimizi, kwa sababu tangu ajue kutambaa hakuwahi kupotea hata siku moja. Ukimkosa, tafuta sukari ilipo. Mama yake alikuwa karani wa stoo, baba yake fundi wa majokofu, na wote wawili walitoka asubuhi na kurudi jioni. Kwa hiyo Jumatatu, Jumanne na Jumatano Sisimizi alishinda kwa Bibi Cherehani, mama yake baba. Alhamisi na Ijumaa alishinda kwa mama yake mama, ambaye kila mtu alimwita Bibi Kliniki.

Siku tatu kwa mbili! Hata kwenye mpira anayeongoza anajulikana. Lakini Bibi Cherehani aliona wazi kwamba yeye ana siku nyingi na mwenzake ana mtoto.

Bibi Kliniki alistaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kupima uzito wa watoto wachanga. Watu walimwita nesi, naye hakuwakatalia. "Nesi wapi!" Bibi Cherehani aliwaambia wateja wake, akiwazungushia futi kiunoni. "Alikuwa anawaning'iniza watoto kwenye mzani kama viazi, basi. Na mimi nikikupima kiuno, kesho uniite daktari." Wateja walicheka, lakini haikumsaidia. Bibi Kliniki alikuwa na kucha safi, sauti ya taratibu, mkoba wenye vitambaa vya kupangusia pua, na meno yake yote. Bibi Cherehani alibakiwa na kumi na moja, nayo hayakuwa yakisalimiana.

Kitu kimoja tu Bibi Cherehani alikuwa nacho ambacho mwenzake hakuwa nacho, nacho ni chupa. Kila adhuhuri, sare za shule zikiwa zimerundikana hadi dirishani, alichemsha maziwa, akatia vijiko viwili vya sukari, akayapoza, akayamimina kwenye chupa ya mtoto. Sisimizi alijilaza juu ya rundo la vipande vya vitambaa, akanyonya, macho yakalegea, akalala na chuchu ya chupa ikiwa bado katikati ya midomo. Nyumba ilitulia hadi saa tisa. Wakati ule Bibi Cherehani alishona kola kumi bila kuinua kichwa, na kila alipomtazama mtoto aliona raha. Huko kwa paka kulikuwa na hadithi za kumlaza. Hadithi! Mwenye hadithi hana kola arobaini za kumaliza Ijumaa.

Jumapili moja mkamwana wake, mama wa Sisimizi, akawaita mabibi wote wawili nyumbani kwake. Hakuwapa hata maji kwanza. Alimpakata Sisimizi kwenye kochi, akamwinua mdomo wa juu kwa kidole.

"Mama zangu, tazameni hapa."

Wakainama, vichwa vikakaribia kugongana. Meno manne ya mbele ya juu, pale yanapotoka kwenye fizi, yalikuwa na mstari mweupe kama wa chaki. Kwenye mawili, chaki ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya chai.

"Nimempeleka kwa daktari wa meno," alisema mkamwana. "Anasema ni sukari inayokaa kwenye meno mtoto akilala. Mtu akilala mate yanapungua, hakuna cha kuisafisha. Ya chini yanafunikwa na ulimi, ya juu ndiyo yanayoumia."

"Si meno ya utotoni tu hayo?" alisema Bibi Cherehani. "Si yatang'oka?"

"Yatang'oka akiwa na sita, saba. Mengine kumi na kitu. Sasa ana mitatu, mama. Atatafuna na nini mpaka hapo? Na haya ndiyo yanayowashikia nafasi wenzao wakubwa. Yakitoka mapema, yale mengine yanaota yanavyotaka."

Bibi Cherehani akafunga mdomo juu ya meno yake kumi na moja.

"Nani anampa chupa ya kulalia?"

Bibi Kliniki alitazama mikono yake. Fundi wa majokofu, mwana wa kuzaliwa wa Bibi Cherehani, alitazama kiatu chake kama ndiyo kwanza anakiona.

"Mimi," alisema Bibi Cherehani. "Lakini sukari yenyewe ya kuonja tu."

"Ya kuonja kiasi gani?"

"Vijiko viwili."

"Vya chai?"

"Vya hivyo hivyo."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mkamwana alieleza kwa upole kwamba daktari amesema mstari mweupe unaweza kusimamishwa, ila tundu halirudi nyuma. Chupa iachwe. Mswaki mara mbili kwa siku, na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere. Vitamu visipite pite kati ya mlo na mlo. Baada ya wiki sita atazamwe tena.

"Na kama yanaendelea," alisema mkamwana, akimtazama mume wake amsaidie, lakini mume bado alikuwa na kiatu chake, "tumeonelea Sisimizi ashinde kwa mama yangu wiki nzima. Si kwa ubaya, mama. Mama yangu ana nafasi zaidi."

"Kuna paka," alisema Sisimizi kwa furaha.

Bibi Cherehani alirudi nyumbani kwa miguu, akakosa njia yake mwenyewe mara moja.

*

Chupa aliiacha. Watu wampe haki yake hapo. Jumatatu ile ile aliiosha, akaipeleka kwa jirani mwenye mbuzi mchanga, na adhuhuri Sisimizi alilia mpaka akageuka rangi ya zambarau. Jumanne alilia. Jumatano alilia na kumpiga bibi yake na rula ya kukatia. Bibi Cherehani alimpa maji kwenye kikombe, akambeba mgongoni, akashona akiwa amesimama, akigeuza gurudumu kwa mkono. Sketi nne zilitoka na mifuko kwa nyuma. Wiki ya pili mtoto alilala bila chupa, akakoroma kidogo, na Bibi Cherehani akakaa akimtazama, mgongo unamuuma, akiwaza kwamba yule wa paka hajawahi kufanya kazi kama hii.

Lakini mswaki! Mswaki ulimshinda.

Sisimizi akiuona tu, anafunga kinywa kama mtu aliyeshonwa kwa uzi wa turubai. Bibi Cherehani alibembeleza. Alitekenya. Alijifanya mswaki ni ndege. Ndege ilizunguka chumba kizima na haikupata pa kutua. Alipojaribu kwa nguvu kidogo, aling'atwa kidole cha kuvalia kastabini, kile kisichochomwa na sindano, na alipomtazama mtoto kwa uchungu, mtoto alimwambia, "Bibi Kliniki nafungua."

"Kwake unafungua?"

"Aaaa," alisema Sisimizi, akaonyesha namna anavyomfungulia Bibi Kliniki, mpaka kilimi kikaonekana. Bibi Cherehani alinyanyua mswaki haraka. Kinywa kikafungwa.

Wivu ulimpanda mpaka akauonja. Kwamba chupa aiache yeye, kilio ale yeye, ngumi apigwe yeye, halafu kinywa afunguliwe mwingine!

Jumatano moja Bibi Kliniki alipita kuleta sweta la mtoto. Alisimama mlangoni, akaona povu la dawa ya meno kwenye pazia, kwenye mguu wa meza na kwenye nywele za mwenye nyumba.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "nikuonyeshe namna ya kumshika? Unakaa nyuma yake, kichwa anakulalia hapa mapajani, unauinua mdomo taratibu..."

"Kushika mtoto nifundishwe? Nimelea watano."

"Najua, mkwe."

"Na wote wana meno."

Hilo lilikuwa kweli kwa wanne.

Bibi Kliniki akaweka sweta juu ya kiti, akaaga kwa adabu, na Sisimizi akamkimbilia, akamkumbatia goti, hakutaka kumwachia. Ilibidi aondolewe kidole kimoja kimoja. Bibi Cherehani ndiye aliyeviondoa, na kila kidole alichokiinua alikihesabu kama amepigwa nacho.

Mlango ulipofungwa alimkalisha mtoto juu ya meza, akashika mswaki, akasema neno ambalo hakulipanga. Lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu anayezama.

"Fungua, nitakupa pipi."

Sisimizi akafungua.

Akafungua pana, kinywa chote, juu na chini, mbele na magego. Bibi Cherehani alipiga mswaki mpaka akaona haya kwa furaha. Mtoto akatema, akanyoosha kiganja. Bibi akavuta droo ya meza, akatoa pipi moja nyekundu ya kunyonya miongoni mwa zile alizowekea watoto wanaoletwa kupimwa sare, wasitikisike akiwachoma pini. Akaiweka kwenye kiganja.

Alijua, msomaji. Usidhani hakujua. Darasa la sita alilifikia, na kichwani mwake hakukuwa na pamba. Lakini alijipigia hesabu yake. Meno yamesafishwa kwanza, kwa hiyo pipi inakuta pasafi. Tena pipi hii ni ujira, ujira hauwi chakula. Tena ni ndogo. Na mtoto amefungua kinywa kwake, na kufungua kinywa ndiko daktari alikokuagiza. Hesabu ilitoka sawa sawa, kama zinavyotoka hesabu zote za mtu anayejisahihishia mwenyewe.

Pipi ya asubuhi ikawa ya kijani, ya mchana nyekundu. Sisimizi alipenda utaratibu. Baada ya wiki moja hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe na mswaki mkononi, saa tatu, saa nne, saa sita.

"Bibi, meno machafu."

"Si tumepiga sasa hivi?"

"Yamechafuka."

Na Bibi Cherehani, ambaye tangu Januari hakuwahi kuombwa kitu na mtoto huyu ila arudishwe kwa paka, angekataa kwa mdomo gani?

Sifa zikaanza kumfikia. Mkamwana alikuja jioni akamkuta mwanawe anakimbilia mswaki, akasimama mlangoni na mfuko wake begani, akasema, "Mama, umemfanya nini huyu? Kwa mama yangu siku hizi anagoma!"

"Anagoma kwa nani?"

"Kwa mama. Anafungua, wakimaliza anaanza kununa, analia. Mama hajui kuna nini."

Bibi Cherehani aliinama kuokota pini ambayo haikudondoka, ili uso wake usionekane. "Watoto bwana," alisema kutoka chini. "Wanajua mkono wenye upendo."

Usiku ule alilala usingizi mzuri kuliko wote wa mwaka.

Bibi Kliniki mwenyewe alimjia Jumamosi, akamkuta anapiga pasi kola. Alikaa bila kukaribishwa, jambo ambalo halikuwa desturi yake, mkoba juu ya magoti.

"Mkwe mwenzangu, nimekuja kujifunza."

Jamani! Bibi Cherehani aliweka pasi chini polepole, asije akaunguza sare au furaha yake.

"Mtoto akimaliza mswaki kwangu," alisema Bibi Kliniki, "ananyoosha mkono. Hivi. Ananitazama. Nikimpa taulo, analitupa. Kwako anafanya hivyo?"

"Ananyoosha mkono?"

"Kiganja juu."

"Labda anataka mafuta ya kupaka."

"Nimempaka. Akanuna."

"Basi ni umri," alisema Bibi Cherehani. "Wangu wa tatu alikuwa hivyo hivyo. Kunyoosha, kunyoosha, mpaka akaacha."

Bibi Kliniki akashukuru. Alishukuru kweli, kwa macho mazuri, akatoka akiwa amejikunyata kidogo. Bibi Cherehani alirudi kwenye pasi yake. Moyoni kulikuwa na sherehe, ila kwa mbali, kama ya nyumba ya tatu, na alijiambia kwamba mwisho wa wiki hii ataacha pipi. Ataacha Jumatatu. Jumatatu ilipofika mtoto alikuja na mswaki, akasema, "Bibi yangu mzuri," na ikawa ataacha wiki ijayo.

*

Wiki sita zikatimia siku ya Jumanne. Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye kola iliyopinda upande wa kushoto, na Bibi Cherehani alipoiona tu akamshusha hadhi. Chumba kilikuwa kidogo na kina harufu ya karafuu na sabuni. Kulikuwa na kiti kirefu cha kulalia, taa yenye shingo ndefu, na samaki wa karatasi waliobandikwa ukutani ili watoto wawahesabu. Mkamwana alikuwa ameomba ruhusa kazini. Mabibi walikaa kwenye benchi moja, mkoba kati yao.

Mfukoni mwa gauni lake Bibi Cherehani alikuwa na pipi tatu. Alizitia akiwa anatoka, kwa hofu moja tu: mtoto akigoma kufungua kinywa mbele ya daktari, na yule wa mkoba akamfungulisha kwa wimbo, ndiyo basi tena, Sisimizi amekwenda kwa paka wiki nzima.

Lakini Sisimizi hakugoma. Alipanda kiti, akalala, akafungua kinywa kabla hajaambiwa.

"Huyu ni bingwa!" alisema daktari. "Nani amemfundisha?"

"Mimi," alisema Bibi Cherehani, akajirekebisha kilemba. "Mkwe mwenzangu naye anajitahidi."

Daktari alivuta taa, akaangalia mbele. "Vizuri. Vizuri sana. Ile mistari ya juu imesimama. Hii miwili ya kahawia haijaongezeka hata kidogo. Chupa mmeacha kweli."

"Nimeacha mimi," alisema Bibi Cherehani.

"Hongera, bibi. Si kazi rahisi."

Lo! Laiti angeondoka wakati huo. Laiti angesema amebanwa, akatoka, akaenda nyumbani na hongera yake nzima nzima. Lakini daktari alikuwa anasogeza kioo chake kidogo nyuma, nyuma zaidi, na sasa hakuwa anasema "vizuri".

"Ila huku kwenye magego kuna kitu kipya. Yote mawili ya chini, na hili la juu. Mabaka meupe. Wiki sita zilizopita hayakuwepo." Aliinua kichwa. "Anakula kitu gani kitamu? Kitu cha kunyonya au cha kunata, kinachokaa muda mrefu?"

"Hakuna," alisema mama mtu.

"Kwangu hakuna," alisema Bibi Kliniki.

"Kwangu hata sukari ya chai nimeifungia kabatini," alisema Bibi Cherehani, "na ufunguo siuoni."

Daktari akakuna shavu. "Maana si wingi wa sukari tu, ni mara ngapi. Kila kikiingia kitu kitamu, jino linashambuliwa kama nusu saa nzima. Akila mara moja na chakula, meno yanapumzika. Akipewa kidogo kidogo mara tano kwa siku, hayapumziki kabisa. Hapa ninachoona ni mara nyingi."

Bibi Cherehani alihesabu. Saa mbili, saa tatu, saa nne, saa sita. Na ile ya saa tisa.

"Haya, niwaonyeshe pa kufikia na mswaki kule nyuma," alisema daktari. Alitia dawa ya meno punje ya njegere, akapiga magego taratibu, kwa duara ndogo ndogo, akiwaeleza: watu wazima wamsaidie mpaka afike miaka saba au nane, ateme lakini asisukutue kwa maji mengi, dawa ibaki kidogo ifanye kazi. Sisimizi alivumilia kama mtu mzima. Akaketi, akatema kwenye beseni.

Kisha akanyoosha kiganja kwa daktari.

"Anakupa mkono!" alidakia Bibi Cherehani. "Nimemfundisha adabu."

Daktari akacheka, akaushika mkono, akautikisa. Sisimizi akautazama mkono wake ulivyorudi mtupu. Akaunyoosha tena.

"Nimemaliza," alisema.

"Umemaliza, mama. Hongera."

"Nipe changu."

"Chako nini?"

"Cha mswaki."

Mkamwana aligeuka kwenye benchi. Aligeuka taratibu, hajajua bado amtazame nani, na Bibi Cherehani aliyaona macho yale yakija kama mtu anavyoona basi linarudi nyuma kumwelekea.

"Mimi nilikuwa nasitasita kusema," alisema Bibi Cherehani. Sauti ilitoka laini, yenye huzuni, na yeye mwenyewe aliisikia akashangaa. "Kila Jumatatu, mtoto akitoka kule kwingine, ananyoosha mkono hivyo hivyo. Nikajiuliza, amezoeshwa wapi? Lakini mtu na mkwe wake, utaanzaje kusema?"

Macho yakahama.

"Mama?" mkamwana alimwambia mama yake mzazi.

Bibi Kliniki aliuvutia mkoba kifuani. "Mimi? Kwangu pia ananyoosha. Nilikwenda hata kumuuliza mkwe mwenzangu..."

"Si ndiyo nasema," alisema Bibi Cherehani.

"Mama, unampa nini?"

"Simpi kitu, mwanangu."

"Mama, meno yake haya!"

Ndilo jicho ambalo Bibi Cherehani alilitamani miezi yote ile: mkamwana akimtazama mama yake kama alivyomtazama yeye siku ya vijiko viwili. Lilikuwa tamu. Lilikuwa tamu kwa pumzi mbili. Kwenye ya tatu utamu ukaisha. Kwa sababu Bibi Kliniki hakubisha tena. Alikuwa ameushika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili, akitafuta kosa lake kichwani kama mtu anayetafuta funguo, na ghafla akalipata.

"Biskuti," alisema. "Nilimpa biskuti. Moja. Mwezi uliopita, ile siku ya mvua kubwa, aliogopa radi. Sikukwambia. Nisamehe, mwanangu. Labda ndipo alipozoea."

Machozi yakamtoka bibi wa watu, mwenye meno yake yote, kwa biskuti moja.

Bibi Cherehani alitaka kusema neno. Alilipata kabisa, lilikuwa fupi, lilifika mpaka nyuma ya meno. Lakini alikawia kulitoa, na Sisimizi alikuwa amekwisha kuteremka kwenye kiti.

Hakwenda kwa mama yake. Hakwenda kwa Bibi Kliniki, wala mkoba hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, kwa bibi yake mwingine, akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni mpaka kwenye kiwiko, bila kutafuta, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Karatasi zikachakarika.

"Daktari hana," alimweleza kwa upole. "Toa wewe."

Na kwa kuwa bibi alikuwa amekauka kama mti, mtoto alizitoa mwenyewe. Akazipanga kwenye kiganja, mbili nyekundu na moja ya kijani, akamwinulia daktari azione vizuri.

"Hii ya asubuhi," alisema. "Hizi za mchana."

"Hivyo," alisema Bibi Cherehani, "ni vifungo vya sare."

Sisimizi akamenya kifungo kimoja chekundu, akakitia mdomoni, na shavu likavimba.